Sura ya Saba: Vidonge vya Kiuno

Kufikia Alhamisi asubuhi, Kibera ilikuwa imeshakata kauli juu ya kilichomuua Celine Akeyo, tena bila kukitaja. Mwaka ule wa tisini na sita ugonjwa ule haukuwa na jina mdomoni mwa watu. Mtu aliinua kidole kidogo cha mkono, akakitazama, akanyamaza, na wote waliokuwapo wakaelewa. Celine alikuwa msusi wa miaka ishirini na tatu, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya nne. Kwa wiki tano alikonda mpaka mishipa ya shingo ikahesabika. Jumanne asubuhi alishikwa na homa, na kabla ya saa kumi jioni alikuwa amekufa. Nani tena angeuliza swali?

Koplo Mutanu aliuliza. Alikuwa mpelelezi pekee wa kike kituoni, mwanamke wa Kitui, mnene wa haki, na wenzake walimtania kwamba akipanda Land Rover ya serikali, gurudumu la upande wake huomba ruhusa ya ugonjwa. Aliwaacha wacheke. Anayechekwa hawamwogopi, na asiyeogopwa huambiwa mengi.

Inspekta Nyongesa, mkubwa wa kituo, alikuwa na jibu lake tayari. "Huyo seremala aligundua msichana ako na ule ugonjwa, akamwekea sumu. Shuka ya marehemu ni ya manjano. Vidole vya seremala ni vya manjano. Unataka malaika ashuke aandike stetimenti?"

"Nataka chupa ya thina, ile ya kuondolea rangi, afande," Mutanu alisema. "Na daktari wa mochari aniambie kitu."

"Daktari ana foleni mpaka Jumatatu."

"Basi thina pekee."

Seremala mwenyewe, Obiero, alikuwa mchumba wa Celine. Mutanu alimkuta mahabusu wenzake watatu wakimwangalia kwa chuki, maana habari za sumu zilikuwa zimemtangulia seli. Mutanu alimtoa hadi kwenye meza ya korido, akaloweka kitambaa kwa thina, akakisugua kwenye kidole cha shahada cha Obiero. Manjano yalitoka. Ilikuwa vanishi tu, ile ya vitanda vya kuuza barabarani. Kisha akasugua pembe ya shuka iliyokuwa kwenye mfuko wa ushahidi. Akasugua tena. Shuka ilibaki vile vile.

"Rangi mbili tofauti," alisema. Akaikunjua shuka yote. Doa lilikuwa na umbo la mtu, mgongo na makalio na visigino, na kwapani lilikuwa limekolea kuliko pengine. "Hii haikumwagwa. Hii ni jasho. Ilitoka ndani mwake. Obiero, Celine alikuwa anakula nini?"

"Hakuwa anakula. Sukuma wiki nusu sahani, chai bila sukari. Ati anajinyima mpaka harusi."

"Harusi yake?"

"Ya Aketch, rafiki yake. Jumamosi hii. Celine ndiye angemsimamia."

"Na alikuwa anameza nini?"

Obiero aliinamisha kichwa. "Aliniapisha nisiseme."

"Aliyekuapisha amekufa, na wewe kesho unapelekwa kortini kwa kumuua."

"Vidonge, afande. Vya kupunguza mwili, kuchoma mafuta. Alikuwa ameficha kwa mkebe wa mafuta ya nywele. Si unajua hii mtaa. Msichana akionekana anameza vidonge kila asubuhi, halafu anakonda, watu watasema ni za nini?" Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Na hakuwa peke yake. Walikuwa wawili, kila mmoja na mkebe wake. Alisema wanashindana nani kiuno chake kitafika kwanza. Nikamwuliza huyo mwingine ni nani, akacheka tu."

Mutanu aliacha kuandika. Mahali fulani kulikuwa na msichana wa pili mwenye mkebe kama ule, na saa ilikuwa tatu asubuhi. Dozi ya leo alikuwa ameshaimeza. Akaondoka bila kumaliza chai yake.

*

Celine alikuwa amepanga chumba ukingoni mwa Makina, katika ploti ya Bi Zamzam, mjane wa Kinubi aliyezaliwa katika ua ule ule. Bi Zamzam alimpokea Mutanu kwa salamu ndefu, akamfungulia chumba, kisha akasimama mlangoni kama anayelinda heshima ya aliyekuwa akilala ndani.

Mkebe ulikuwa nyuma ya kioo cha ususi. Ndani yake vilibaki vidonge tisa, nusu nyeupe nusu nyekundu. Mutanu alikifungua kimoja juu ya karatasi. Unga wake ulikuwa wa manjano makali, na ulipogusa ncha ya kidole chake ukaacha alama. Alienda bombani akanawa kwa sabuni, alama ikabaki.

"Wewe ndiye ulimwona wa kwanza baada ya kukata roho?" aliuliza.

"Mimi, mwanangu. Naosha maiti za wanawake hapa Makina mwaka wa thelathini sasa. Celine hakuwa Mwislamu, lakini mamake yuko Siaya, nikasema si vibaya nimnyooshe, nimfunge kidevu. Maiti huwa laini kwanza. Unamkunja mkono, unamlaza vizuri, una saa zako mbili tatu." Alishusha sauti. "Nilienda kuchukua kitambaa nyumbani kwangu. Pale, unapaona? Nikirudi amekaza kama mbao. Na alikuwa wa moto. Amekufa, roho imetoka, na mwili ni wa moto kunishinda mimi niliye hai. Sijapata kuona."

"Macho yake je? Yalikuwa ya manjano?"

"Meupe pe. Mwenye ini hawi vile. Na ule ugonjwa wanaousema, mwanangu, nimewaosha wengi. Huua polepole. Haumkazi mtu ghafla hivyo."

Mutanu aliandika yote. Watu wa mtaa walikuwa wamemzika Celine kwa uvumi kabla ya udongo, na mwuaji, awe nani, hakuhitaji hata kujificha. Wembamba wa marehemu ulimfichia kila kitu.

"Jumanne nani alimhudumia?"

"Mama Aketch, mlango ule wa bluu. Alimpenda kama wake. Alimpa vidonge vya malaria vya duka, homa ikakataa, akamfukiza. Majani ya mwarobaini, maji yanachemka, blanketi mbili juu. Mara tatu alimfukiza, maskini, na msichana hakupata nafuu."

Mutanu aliandika *kafukizwa mara tatu*, akapiga mstari, akaendelea na swali jingine. Hata yeye alifukizwa utotoni Kitui, tena kwa majani yale yale. Nani angeliona hilo kuwa jambo? Ndilo lililomponza siku ile.

Mutanu alimkuta Mama Aketch mlangoni akipara samaki, mwanamke wa mikono mikubwa na macho yaliyovimba kwa kulia. Nyuma yake, karibu na jiko, alikaa bibi harusi mtarajiwa, Aketch, msichana mpana na mzuri ambaye mtaa mzima ulimsifu kuwa ana mwili wa kwao. Ilikuwa Julai, baridi ya kuuma, na Mutanu alikuwa na sweta mbili. Aketch alikuwa amevaa gauni jepesi, akijipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Harusi bado ipo?" Mutanu aliuliza.

"Wazee walikaa jana, pande zote mbili," Mama Aketch alisema. "Kanisa limetangaza mara tatu. Ng'ombe zimeshatoka. Celine anasafirishwa wiki ijayo. Tutacheza na machozi, afande, tufanyeje?"

"Kati ya wasichana wa kusimamia, nani anameza dawa za kukonda?"

"Dawa? Hapa kwangu hakuna. Huyu wangu nampa samaki na ugali mpaka analalamika." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mwembamba wao ni Mutheu, ule Mkamba. Anashona kwa Mama Billy huko Kawangware 46, pahali tumekodi magauni."

 Aketch alimimina maji kwenye kikombe, akanywa yote, akamimina tena. Mutanu alidhani ni joto la jiko. Alikuwa akitafuta msichana mwembamba, na huyu hakuwa mwembamba, basi akaaga akatoka.

*

Duka la Mama Billy lilikuwa la mabati, lakini ndani lilimeremeta. Magauni meupe yalining'inia ukuta mzima, kila moja ndani ya nailoni. Kwenye kona, msichana mwembamba kama ufito alikuwa akikanyaga cherehani. Mutanu alimwacha dereva wake, Wangila, kwa mbali, akaingia peke yake na mkoba wake kama mteja.

Mama Billy alimpima kwa jicho kutoka kichwani hadi viatuni, akajua ni mtu wa kwao, akamwamkia kwa Kikamba. "Mwaitu, karibu. Ni wewe unaolewa?"

"Ni mdogo wangu. Mimi nitamsimamia. Lakini sijui kama utakuwa na gauni la kunitosha. Labda ufungue mshono kidogo."

"Aa, hapana. Gauni zangu hazifunguliwi mshono. Hii Jumamosi imevaliwa na huyu, ile ingine na yule. Nikifungulia wewe, kesho itamwagika kwa mwingine." Alimpigapiga begani kwa upendo wa biashara. "Gauni haibadilishwi, mwaitu. Mwenye kuvaa ndiye anabadilishwa. Uko na wiki ngapi?"

"Tatu."

"Zinatosha kabisa." Aliingiza mkono chini ya meza, akatoa mkebe mkubwa wa bati usio na karatasi ya jina. Vidonge vilikuwa nusu nyeupe nusu nyekundu. "Vidonge vya kiuno. Unajinyima chakula kidogo, unameza hii, inachoma mafuta ndani kwa ndani. Usiogope ukisikia joto. Ukisikia joto, ujue inafanya kazi."

"Na joto likizidi?"

"Likizidi ujue mafuta yalikuwa mengi. Kunywa maji."

"Nani anakuletea?"

"Kuna jamaa wa Industrial Area. Mbona unauliza kama polisi?"

Mutanu aliweka kitambulisho chake juu ya bati. Cherehani ilinyamaza.

"Celine Akeyo," alisema. "Ulimpa hizi?"

Uso wa Mama Billy ulisinyaa, lakini mdomo haukukosa la kusema. "Mimi siui mtu. Kila mtu anajua Celine alikufa na nini. Mwembamba vile!"

"Alikuwa mwembamba kwa sababu yako. Naona umezoea. Msichana akikonda kwa dawa zako halafu afe, mtaa unakufungia kesi bure. Lete kitabu cha wateja wako."

Kilikuwa kitabu cha shule chenye vipimo vya viuno, majina kushoto na wiki juu. Mutanu aliyafuata kwa kidole. *Celine: 33, 31, 29, 27.* Alitafuta jina la Mutheu pekee, hakuliona. Akageuka kwenye cherehani.

"Mutheu, tafadhali niambie ukweli, hakuna atakayekufunga. Umemeza ngapi?"

Msichana alimtazama kwa mshangao. "Mimi? Afande, mimi niko hivi tangu kwa mama. Hata nikikula gunia sinenepi." Alimtupia Mama Billy jicho, akameza mate, kisha akaamua. "Mwenye anameza ni bibi harusi. Aketch. Walianza pamoja na Celine, lakini yeye mwili ulikataa. Jana amekuja kujaribu gauni, zipu imebaki hivi." Alionyesha nafasi ya vidole vitatu. "Alikuwa analia. Alisema harusi itakuwa ya aibu, rafiki yake amekufa na yeye hata gauni haifungi. Mama Billy akamwambia aongeze. Asubuhi mbili, mchana mbili, jioni mbili."

"Nyamaza wewe!" Mama Billy alifoka.

Mutanu alikuwa ameshasimama. Kila kitu kilijipanga mbele yake kwa mpigo mmoja: gauni jepesi katika baridi, mfuniko wa kupepea, vikombe viwili vya maji. Alimwona msichana kwa macho yake mwenyewe, akamwacha kwa sababu ya unene, yeye ambaye watu wote walimhukumu kwa unene. Alijichukia. Kisha akakumbuka blanketi mbili, na miguu yake ikawa myepesi.

"Wangila! Mfunge pingu huyu mama, mweke nyuma na bati lake. Tunarudi Makina."

"Madam, mafuta yako kwa taa nyekundu."

"Yatafika. Endesha!"

*

Harufu ya mwarobaini ilimpokea kabla hajafika kwenye mlango wa bluu.

Ndani, katikati ya chumba, kulikuwa na kilima cha blanketi kikitoa mvuke pembeni. Mama Aketch alikuwa amepiga magoti, mikono yake mikubwa imebana pindo chini, akiomba kwa Kijaluo kwa sauti ya kubembeleza. Chini ya blanketi mtu alikuwa akipumua haraka haraka, pumzi fupi, kama aliyekimbia.

"Mfunue!" Mutanu alipiga kelele.

"Homa imemshika saa sita, afande, kama ya Celine. Wacha itoke! Safari hii nimeiwahi mapema!"

Mutanu hakubishana. Alimsukuma kando kwa ule mwili waliouchekea kituoni, akavuta blanketi zote mbili kwa pamoja. Aketch alianguka ubavu. Ngozi yake ilikuwa nyekundu, macho yamegeuka, na gauni jepesi lilikuwa limelowa manjano kwapani na kifuani. Mutanu alimgusa paji la uso akautoa mkono upesi.

"Maji baridi! Bi Zamzam! Fungua tangi!"

Bi Zamzam, aliyekuwa akiuza maji yale mtungi kwa mtungi, alifungua tangi lote bila kuuliza. Mutanu alimburuta msichana hadi uani akammwagia debe la kwanza, la pili, la tatu. Majirani walijaa. "Mwenye homa hamwagiwi maji!" mmoja alilia. Mama Aketch alimrukia Mutanu mgongoni, akimpiga ngumi, akilia, "Uwi! Unaniulia mtoto! Yawa, anamuua mtoto wangu!" Mutanu aliendelea kumwaga huku akipigwa. Wangila akamshika mama, Bi Zamzam akashika kichwa cha msichana, na hivyo hivyo, wakitiririka maji, wakampakia katika Land Rover, miguuni pa yule yule aliyemuuzia vidonge. Mama Billy aliyatazama yale manjano. 

*

Hospitalini, saa kumi na nusu, daktari alitoka, mikono yake imekunjamana kwa baridi ya barafu. Alisema vidonge vile ni unga wa kiwandani, si wa kumezwa na mwanadamu. Mwili ukishaumeza hujichoma wenyewe na haujui kuacha. Joto lilikuwa limeanza kushuka. Kama Aketch angekaa chini ya blanketi dakika kumi zaidi, daktari asingekuwa na mtu wa kumtibu.

"Ataishi?" Mutanu aliuliza.

"Naona ataishi."

Mutanu aliegemea ukuta akashusha pumzi. Alihisi furaha tupu, ya kitoto. Alikuwa na bati, kitabu, shahidi, na mshitakiwa. Usiku huo Obiero angelala kwake. Alienda kumwambia Mama Aketch, aliyekaa kwenye benchi na kanga iliyolowa.

Mama Aketch alimsikiliza hadi mwisho. Hakushangilia. Alikaa akitazama viganja vyake.

"Kwa hivyo blanketi ndiyo ingemmaliza," alisema.

"Ni vidonge, mama. Mwenye makosa ni aliyeviuza."

"Nimesikia hiyo ya vidonge. Nakuuliza ya blanketi."

"Joto halikuwa na pa kutokea, mama," Mutanu alisema.

"Celine nilimfunika mara tatu," Mama Aketch alisema polepole. "Ya kwanza alivumilia. Ya pili akalia. Ya tatu akaniambia, 'Mama, nifunulie, nachomeka.' Mimi nikamwambia nyamaza, mtoto wangu, ndio homa inatoka. Akawa anasukuma. Alikuwa na nguvu bado. Nikakalia pindo ya blanketi na uzito wangu wote mpaka akaacha kusukuma. Nikashukuru Mungu. Nikasema, sasa amepata usingizi."

"Mama Aketch, hukujua. Hakuna mtu angejua. Hilo si la kuandikwa."

"Wewe si ni polisi? Asubuhi ulikuja mpaka mlangoni kwangu, sikukuambia yote." Alimsogelea, akamshika mkono wenye kalamu. "Mamake anakuja kesho kutoka Siaya. Ataniuliza mtoto wake alisema nini mwisho. Sitaweza kumwambia kwa mdomo. Andika, nitampa asome."

Mutanu alifungua daftari juu ya goti. Aliandika jina, umri na ploti, kisha blanketi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na maneno ya Celine kama yalivyosemwa. Alimsomea yote taratibu. Mama Aketch aliitikia kwa kichwa kila sentensi, akasahihisha mahali pamoja, akasema Celine alimwita Mama mara mbili, si mara moja. Mutanu akaongeza. Kisha mama akapaka wino kidole gumba chake, akakibonyeza chini ya ukurasa, akakiacha hapo kwa muda mrefu.